Gede: namna ya kuusoma mji ulioota msitu

Mgeni akiingia magofu ya Gede, awe mwanafunzi aliyeletwa na basi la shule au mtalii aliyefikia Watamu, swali lake la kwanza huwa lile lile: hawa watu waliwezaje kujenga mji wa mawe katikati ya msitu mnene namna hii? Swali hilo limepinduka. Mji ndio uliotangulia. Enzi za wenyewe hapa palikuwa peupe, pana nyumba za mawe na nyumba za udongo na makuti, vichochoro, visima, makaburi, na nyua zenye kuku na mbuzi. Msitu tunaoutembea leo uliota baada ya watu kuhama, katika karne ya 17, nao uliota juu ya sakafu zao, ndani ya vyumba vyao na kwenye kuta za misikiti yao.

Ukilishika jambo hilo moja, matembezi yote hubadilika. Wengi hutoka Gede na hadithi mbili zisizokutana: moja ya Waswahili wa kale na bakuli zao za kaure, nyingine ya kima na vipepeo. Kumbe ni hadithi moja. Jiwe lililojenga nyumba ndilo linalolisha miti. Maji yaliyowaleta watu huenda ndiyo yaliyowatoa. Na msitu wenyewe haungekuwapo leo kama magofu yasingekuwapo. Haya nayaandika kwa mtu anayetaka kuzunguka mwenyewe, taratibu, bila kukimbizana na kundi. Waongozaji wa pale wanajua mengi na siwapuuzi, lakini yapo mambo ambayo mtu huyaona tu akisimama kitambo mbele ya ukuta mmoja.

Gede iko Kaunti ya Kilifi, kama kilomita 16 kusini mwa Malindi. Matatu za Mombasa na Malindi hushusha abiria njia panda ya Watamu, na kutoka hapo ni mwendo mfupi kwa miguu au kwa bodaboda. Panasimamiwa na Makumbusho ya Kitaifa ya Kenya, na Julai 2024 UNESCO ilipaingiza katika orodha ya Urithi wa Dunia. Nenda asubuhi, kabla jua halijapanda na mabasi ya shule hayajafika. Vaa viatu vya kufunika mguu, maana wakati wa mvua siafu hukatiza njia.

Anza na jiwe

Kabla hujaangalia jengo lolote, inama uangalie chini. Penye njia iliyofagiliwa utaona jiwe la kijivu linachomoza ardhini, limejaa matundu, lina makali ya kukata vidole. Ukilisogelea utaona ndani yake michoro ya matumbawe na vipande vya kombe. Ukanda huu wa pwani umekaa juu ya miamba ya matumbawe iliyokufa zama za kale sana, wakati bahari ilikuwa juu kuliko ilivyo sasa. Bahari iliporudi chini, miamba ikabaki nchi kavu.

Jiwe hilo wajenzi wa Gede walilitumia kwa njia mbili kwa wakati mmoja. Kwanza walilivunja vipande vya kujengea ukuta. Pili walilichoma kupata chokaa ya kuunganishia vipande hivyo. Magogo yalipangwa kwa duara, safu juu ya safu, matumbawe yakarundikwa juu, kisha moto ukawashwa. Moto mkali hugeuza jiwe kuwa chokaa, nayo chokaa huachwa miezi ikinyeshewa mvua hadi ilainike ifae kazi. Kwa mapambo, yaani miimo ya milango, mihrabu na vidaka, walitumia matumbawe laini ya baharini, ambayo yakitolewa majini yakiwa mabichi hukatika kwa tezo, na yakikauka huwa magumu.

Hebu fikiria kuni zilizohitajika. Ukuta wa nje wa mji unazunguka eneo la kiasi cha ekari 45, na ndani yake mna misikiti kadhaa, jumba la mtawala, na nyumba za mawe moja baada ya nyingine, zote zimeungwa na kupakwa chokaa. Kila pipa la chokaa lilikula magogo. Kujenga mji wa mawe pwani hii maana yake ilikuwa kuufyeka msitu na kuuchoma. Naona jambo hili husahauliwa sana tunapozungumzia majengo ya Waswahili, kana kwamba mawe yalijipanga yenyewe.

Kwa nini vyumba ni vyembamba

Ingia nyumba yoyote iliyo karibu na jumba la mtawala, uusimamie upana wa chumba. Vyumba vya Gede ni virefu kuliko vilivyo vipana, na upana wake hauzidi sana mita mbili na nusu. Wapo wanaodhani watu wa zamani walipenda kubanana. Sababu iko baharini, kwenye mikoko ya hori la Mida, lisilo mbali na hapa. Paa la nyumba ya mawe lilibebwa na boriti za mkoko, na boriti ya mkoko ina urefu wake: ukiilaza juu ya nafasi pana kuliko hiyo, hupinda. Juu ya boriti zilipangwa bamba za matumbawe, na juu ya bamba ikamiminwa zege ya chokaa na kokoto, nene, nzito ajabu. Basi mti wa mkoko ndio uliokata kipimo cha chumba cha kulala cha tajiri wa Gede. Ukitembelea nyumba za kale za Lamu utakikuta kipimo hicho hicho.

Paa hilo pia ndilo linaloeleza nyumba ilikufaje. Paa bapa huhitaji mtu wa kulitazama kila mwaka: kuziba ufa, kupaka chokaa upya, kuzibua mfereji wa maji. Mtu huyo akihama, ufa hubaki wazi. Mvua ya masika huingia, boriti huanza kuoza vichwani, pale zilipochomekwa ukutani, na siku moja paa zima hushuka chumbani. Tazama kuta kwa makini utaona matundu ya boriti bado yapo, yamejipanga mstari mmoja. Kifusi cha paa kilijaza chumba, majani yakaangukia kifusi, majani yakaoza yakawa udongo, na udongo uliochanganyika na chokaa ukawa shamba. Waliofukua nyumba hizi baadaye walilazimika kuondoa kifusi hicho chote ndipo sakafu ionekane.

Miti inayosema ukweli

Sasa inua macho. Miti ya Gede haifanani umri wala tabia, na kila mmoja una lake la kusema.

Wa kwanza kuutafuta ni mbuyu. Mbuyu hupenda jua. Mche wake hauwezi kukua chini ya kivuli kizito cha msitu. Ukiukuta mbuyu mnene umesimama katikati ya miti iliyofungana, ujue ulichipua wakati mahali hapo palikuwa wazi, ama watu wakiwa bado wapo, ama muda mfupi baada ya kuondoka. Mbuyu ni shahidi wa uwazi uliopotea. Wanaakiolojia wa pwani wamezoea kuifuata mibuyu wanapotafuta miji iliyozama vichakani, kwa sababu mara nyingi penye mibuyu mikubwa palikuwa na watu. Mkwaju nao ni hivyo hivyo: ni mti wa uwanjani, wa kivuli na wa matunda, na watu huupanda au huuacha makusudi.

Wa pili ni ule wa jamii ya mkuyu, mti unaonyonga. Huu ndio mwalimu mkuu wa Gede, na nakusihi uutafute mmoja uliokalia ukuta, usimame hapo. Ndege au kima alikula tunda lake mahali, akatua juu ya ukuta, akanya. Mbegu ndogo kama chembe ya mchanga ikabaki kwenye ufa, ambamo mna unyevu kidogo na vumbi la chokaa. Mche hauna haja ya udongo mwanzoni. Huteremsha mizizi myembamba ikipapasa chini, na mizizi hiyo hufuata njia rahisi, yaani ule mstari wa chokaa kati ya jiwe na jiwe, kwa kuwa chokaa ni laini kuliko jiwe. Ikishagusa ardhi hunenepa haraka. Weka macho karibu na ukuta utaona mzizi umejibapa, umeacha kuwa mviringo, umejaza kila pengo, na mahali pengine umelimeza jiwe zima hata limebaki kama jicho ndani ya mti.

Je, mti huo ni adui wa ukuta? Hapo ndipo penye utata. Mti ukiwa mchanga ni mharibifu, kwa sababu unapanua nyufa. Ukishakuwa mkubwa, mara nyingi ndio unaoushika ukuta usianguke, maana chokaa iliyokuwa ikiunga mawe imeshatafunwa na mizizi, na mizizi imechukua nafasi yake. Ukiukata leo, ukuta hausalimiki. Mizizi iliyokufa huoza polepole ndani ya ukuta, huacha mapango, na baada ya miaka kadhaa mawe hujimwaga. Kwa hiyo watunzaji wa magofu hung'oa miche ikiwa midogo, na ile iliyokwisha kuwa sehemu ya ukuta hulazimika kuitafakari mmoja mmoja. Mgeni akiona mti mkubwa umekumbatia ukuta na haujakatwa, asidhani ni uzembe.

Kibla kitakuonyesha kaskazini

Kwenye Msikiti Mkuu huna haja ya dira. Kutoka pwani ya Kenya, Makka iko upande wa kaskazini, hivyo mihrabu inakuelekeza moja kwa moja. Msikiti huu ni wa karne ya 15. Nguzo zake za mraba zilizobeba paa bado zinahesabika, na kando kuna kisima na mahali pa kutawadhia. Hauna mnara, na hilo lisikushangaze, kwani misikiti ya kale ya Waswahili kwa kawaida haikujengewa minara; adhana ilitolewa mlangoni au juu ya paa.

Katika mapambo ya mmojawapo wa milango ya msikiti huu kuna mchongo wa kichwa cha mkuki, wenye bapa pana. Wengi hupita bila kuuona. Kwangu mimi ni moja ya mawe yenye thamani kubwa kuliko yote yaliyopo Gede. Kwa miaka mingi waandishi wa wakati wa ukoloni waliieleza miji hii kuwa ni kazi ya Waarabu waliohamia pwani, na wenyeji wakawekwa pembeni kama vibarua. Utafiti wa baadaye uliivunja hoja hiyo. Uchimbaji wa Shanga, kisiwani Pate, miaka ya 1980, ulionyesha misikiti ya miti na udongo ikifuatwa na ya mawe pale pale, kizazi baada ya kizazi, ujenzi ukikua kutoka ndani ya jamii yenyewe. Mkuki kwenye mlango wa msikiti, silaha ya bara juu ya nyumba ya ibada, unatuambia waliousali msikiti huo walikuwa watu wa hapa, Waislamu na Waafrika bila mgongano wowote kati ya mambo hayo mawili.

Karibu na hapo kuna kaburi lililoandikwa mwaka: 802 Hijria, ambao ni 1399 Miladia. Jiwe hilo moja lina kazi kubwa. Majengo mengine hayana tarehe, na umri wake hukadiriwa kwa vitu vilivyookotwa ndani yake, hasa vyombo vya kaure vya China, ambavyo mitindo yake hujulikana ni ya enzi ipi. Kaburi lenye mwaka uliochongwa ni msumari unaoshikilia kadirio zote hizo. Utaona pia makaburi ya nguzo, yale yenye mnara wa jiwe juu yake, ujenzi ambao umeenea katika miji ya kale ya Waswahili.

Majina ya nyumba yasikuhadae

Vibao vitakwambia: Nyumba ya Mkasi, Nyumba ya Bakuli la Kaure, Nyumba ya Taa ya Chuma, Nyumba ya Kasha la Pembe, Nyumba ya Ushanga wa Venice. Nimesikia wageni wakielezana kwamba Nyumba ya Mkasi ilikuwa ya fundi cherehani. Sivyo. Majina hayo si ya wenye nyumba. Yalitolewa na wachimbaji kufuatana na kitu kilichopatikana ndani. John Kirk, balozi wa Uingereza huko Zanzibar, alifika hapa mwaka 1884. Mwaka 1927 serikali ya kikoloni ikapatangaza kuwa eneo la kihistoria. Na mwaka 1948 mwanaakiolojia James Kirkman akawekwa kuwa mlinzi wa mahali hapa, akachimba kwa takriban miaka kumi. Majina mengi ya vibaoni ni matunda ya jembe lake.

Hata jina Gede lenyewe si la wakaaji wa kwanza. Ni neno la Kioromo lenye maana ya kitu cha thamani, na hutajwa kuwa mji uliitwa Kilimani hapo kale. Basi unapozunguka, ukumbuke unasoma mji kupitia majina ya waliokuja mwisho. Nyumba yenyewe itazame bila kibao: mlango wa kuingilia, ua wa kupokelea wageni, vyumba vya ndani, vidaka ukutani, choo kilichojengwa ndani ya nyumba. Hapo utauona utaratibu wa familia: mgeni aliishia wapi, na wenye nyumba walianzia wapi.

Maji

Sasa tufike kwenye fumbo lenyewe: kwa nini waliondoka?

Hesabu visima unavyopita. Ni vingi, vimezungushiwa mawe, vinashuka mbali hata chini hupaoni vizuri. Hakuna mto Gede. Sabaki humwaga maji yake baharini kaskazini mwa Malindi. Mvua inayonyesha juu ya mwamba wa matumbawe haikai juu, hupenya matunduni na kwenda chini moja kwa moja. Chini huko, kwenye ardhi ya pwani, maji matamu huelea juu ya maji ya chumvi yaliyopenya kutoka baharini, kwa kuwa ni mepesi kuliko ya chumvi. Ni akiba yenye mpaka. Mvua zikipungua kwa miaka, au watu wakiteka kuliko kinachoingia, kina hushuka, na ukizidi kuchimba unakaribia chumvi.

Kirkman aliona kwamba kisima cha Msikiti Mkuu kiliwahi kuongezwa kina. Hiyo ni dalili nzito: watu hawarudi kuchimba kisima cha msikiti bila dhiki. Lakini sikubaliani na wanaolifanya hili kuwa jibu zima, kwa maana kuta za mji zinasema na mengine.

Tembea hadi uuone ukuta wa ndani. Ukuta wa nje ulijengwa mji ukiwa katika kilele chake, karne ya 15. Ule wa ndani ni wa baadaye, karne ya 16, na unazunguka sehemu ndogo tu ya mji, ukiacha nyumba nyingi za mawe nje. Hakuna mji unaojenga ukuta mdogo ndani ya ukuta mkubwa ukiwa unanawiri. Watu walikuwa wamepungua na hofu ilikuwa imeongezeka. Inaonekana mji uliachwa kwa muda katika karne hiyo, kisha sehemu yake ikakaliwa tena, hadi ulipohamwa kabisa karne iliyofuata.

Nini kilitokea katika karne hiyo ya 16? Mwaka 1498 Vasco da Gama alifika Malindi, na Wareno wakajenga urafiki na mtawala wake. Mwaka 1589 Wazimba, wapiganaji waliotoka upande wa Zambezi, walipita pwani wakishambulia miji, wakaipiga Mombasa, na walipofika Malindi wakashindwa kwa nguvu za Wasegeju. Mwaka 1593 Wareno walianza kujenga Ngome ya Yesu huko Mombasa, na Shehe wa Malindi akahamishiwa huko. Biashara ikahama naye. Kisha karne ya 17 Waoromo wakasogea kusini kwa wingi, na miji mingi ya bara na pwani ya kaskazini ikatikiswa.

Jambo la ajabu ni kwamba Wareno, walioishi Malindi karibu karne nzima, hawakuacha maandishi yanayoitaja Gede waziwazi, ilhali ilikuwa mwendo wa siku moja kwa miguu. Wengine husema waliifahamu kwa jina jingine. Wengine husema mji ulikuwa umeshafifia. Mimi naegemea kwenye mchanganyiko: biashara ilipohamia Mombasa, mji ulikosa watu na mali ya kuhimili ukame na vita ambavyo zamani ungeweza kuvihimili. Mji tajiri huchimba kisima kirefu zaidi, huajiri walinzi, hutengeneza paa. Mji uliokwisha kukimbiwa na wafanyabiashara wake hauwezi hata kimojawapo.

Kwa nini msitu ulibaki

Toka nje ya uzio wa magofu uone tofauti: mashamba ya mahindi, minazi, mikorosho, miembe, nyumba. Kote kuzunguka, msitu wa asili umekwenda. Umebaki humu ndani. Watu wa hapa, hasa Wagiriama, waliyaogopa na kuyaheshimu magofu. Walijua wazee wa mji huu wamo bado, na kwamba anayewavunjia heshima hupatwa. Sadaka zimekuwa zikitolewa humu tangu zamani. Heshima hiyo ni ya ukoo mmoja na ile inayolinda makaya ya Mijikenda, misitu mitakatifu ambayo UNESCO iliiandika mwaka 2008. Baadaye sheria ya nchi ikaja kuunga mkono kile ambacho imani ilikuwa imeshakifanya.

Napenda watu walielewe hili vizuri, kwani tumezoea kusikia kwamba msitu uliumeza mji. Kwa karne tatu mji uliokufa ndio uliousitiri msitu.

Wanaoishi humo sasa wanaonyesha jinsi hifadhi hii ilivyo ndogo na ilivyo ya thamani. Ukisikia majani makavu yakichakarika, simama usiguse kitu. Huenda ni sange, yule mnyama mwenye pua ndefu inayochezacheza, mdogo kuliko panya buku, miguu myembamba, na nyuma kuna doa la manyoya ya rangi ya dhahabu. Aina hii haipatikani popote duniani isipokuwa msitu wa Arabuko-Sokoke na vipande vya misitu jirani kama huu. Miaka ya 1970 mtafiti Galen Rathbun aliwachunguza hapa hapa Gede, akagundua kwamba dume na jike huishi wawili wawili wakilinda eneo lao, na kwamba ngozi iliyo chini ya lile doa la dhahabu ni nene kama ngao, kwa kuwa wakigombana hukimbizana na kuumana nyuma. Sange hulala kwenye kiota cha majani makavu anachokikusanya mwenyewe chini ya miti. Kwa hiyo yale majani unayoyaona kama takataka kando ya njia ndiyo nyumba yake na ndiyo sahani yake, maana hufukua humo mende, buibui na nyungunyungu. Usitoke njiani.

Kima hutahitaji kuwatafuta. Watakujia, kwa sababu wageni wamewazoeza ndizi. Tafadhali usiwape. Kima ndiye mkulima wa msitu huu: hula matunda na kuzisambaza mbegu, pamoja na hondohondo wanaopita juu kwa kelele. Kima anayengojea ndizi langoni ameacha kazi hiyo, na akikosa huanza kupora mikoba na kuuma watoto. Kadhalika usipande kuta kwa ajili ya picha, na ukikuta kigae cha chungu njiani, kiache kilipo. Kigae kikiwa mahali pake humwambia mtaalamu mengi, na kikiwa mfukoni mwako hakimwambii mtu chochote.

Kabla hujaondoka, pita mradi wa Kipepeo, ulioanza mwaka 1993 papo hapo Gede. Wakulima wanaoishi kando ya Arabuko-Sokoke hufuga viwavi kwa majani ya miti ya msituni, kisha huuza vipepeo wakiwa bado ndani ya vifuko vyao, nao husafirishwa hadi nyumba za maonyesho ng'ambo. Mkulima anayepata ada ya shule kutokana na mti uliosimama ana sababu ya kutouchoma makaa. Ndiyo hesabu ile ile ya kuni na chokaa, safari hii imegeuzwa.

Namna hii ya kutazama unaweza kuibeba kwenda magofu mengine. Jumba la Mtwana, karibu na Mtwapa, liko ufukweni kabisa, na hapo utalinganisha ukuta unaotafunwa na upepo wa chumvi na ule wa Gede unaotafunwa na mizizi. Takwa, kisiwani Manda, pana kaburi la nguzo na mibuyu, na huko nako husemwa visima viligeuka chumvi. Kaole, nje kidogo ya Bagamoyo, utaona mikoko iliyojaa mahali ambapo vyombo vilikuwa vikitia nanga. Na Kilwa Kisiwani hatari kubwa ilitoka majini, kwani mawimbi yalikuwa yakiula ukingo wa kisiwa chini ya majengo, hata UNESCO ikaiweka Kilwa pamoja na Songo Mnara kwenye orodha ya urithi ulio hatarini kuanzia 2004 hadi 2014, kazi ya kuimarisha kuta na ufuo ilipozaa matunda.